SURUALI YA JINZI, USHURU WA MAREKANI NA MSHAHARA WA DADA YETU

Leo nataka tuongee jambo linalobishaniwa sana vijiweni lakini wachache wanatulia kulipigia hesabu. Hii biashara huria, hii habari ya kufungua mipaka na kuondoa ushuru, imewafanyia nini wanawake wanaoshona nguo viwandani? Imewapandishia mshahara au imewageuza punda wa dunia?

Ukiuliza wakubwa wa serikali watakwambia: "Tumeleta ajira!" Ukiuliza dada anayetoka shifti pale Athi River saa moja jioni, miguu imevimba, atakwambia maneno mengine kabisa. Na cha ajabu ni kwamba wote wawili hawadanganyi. Kila mmoja ameshika kipande chake.

Mimi nimemaliza Form Four tu, si mchumi. Lakini hesabu za jambo hili ni za kuzidisha na kugawanya. Najua wengine mko saiba na dakika zinakimbia, kwa hivyo niende moja kwa moja.

MILANGO NI MIWILI

Watu wakisema "soko huria" wanachanganya milango miwili tofauti.

Wa kwanza ni mlango wa KUINGIA. Nchi inapunguza ushuru wake na kuacha bidhaa za nje ziingie. Wa pili ni mlango wa KUTOKA. Nchi nyingine inakupunguzia ushuru wake ili bidhaa zako ziende kwao. Kwa mwanamke anayeshona, milango hii haifanyi kazi sawa. Mmoja unaweza kumnyang'anya kazi na mwingine ukampa kazi, tena ndani ya nchi ileile, miaka michache tu katikati.

Kenya ni mfano mzuri kwa sababu tumepitia yote mawili.

Mlango wa kuingia ulifunguliwa kwa nguvu mwanzo wa miaka ya 1990, wakati wa yale masharti ya Benki ya Dunia na IMF. Kabla ya hapo viwanda vya nguo vya hapa vililindwa. Kisumu kulikuwa na Kicomi, Eldoret kulikuwa na Rivatex, Nanyuki kulikuwa na Mountex. Ukiwauliza wazee wetu watakutajia majina haya kama mtu anayetaja jamaa waliofariki. Ulinzi ulipoondoka, nguo za bei rahisi kutoka Asia na marobota ya mitumba yakamwagika. Viwanda ambavyo tayari vilikuwa na mashine kuukuu, madeni na usimamizi mbovu havikuweza kusimama. Rivatex ilikwenda chini hadi Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007.

Jirani zetu Tanzania yaliwapata hayohayo. Walianza kulegeza uagizaji mwaka 1984, wakatia saini na IMF mwaka 1986, na viwanda kama Mwatex cha Mwanza na Mutex cha Musoma vikaonja joto ya jiwe.

Tusidanganyane lakini. Mitumba haikuja na hasara tupu. Mama wa Gikomba au Kongowea anayefungua bale asubuhi naye ni mwanamke anayelisha watoto kwa nguo. Na mimi na wewe tumevaa shati la bei nafuu kwa sababu yake. Lakini mama wa bale ana biashara, hana mshahara. Hana likizo, hana kiinua mgongo, na akifungua bale likawa limejaa takataka, hasara ni yake peke yake. Kwa hivyo jibu la mlango wa kwanza ni hili: nguo zilishuka bei, kazi za mshahara zikapungua, na watu wengi wakahamia kwenye kujitafutia.

MLANGO WA PILI: EPZ NA AGOA

Sheria ya EPZ ilipitishwa Kenya mwaka 1990. Mwekezaji anapewa miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, halafu miaka 10 mingine ya kodi ya asilimia 25. Kwa muda wa karibu miaka kumi mambo yalikuwa baridi tu pale Athi River.

Kisha Mei 2000 Rais Bill Clinton akatia saini sheria inayoitwa AGOA. Kenya ikaruhusiwa kupeleka nguo Marekani bila ushuru kuanzia Januari 2001. Tena kulikuwa na kipengele kitamu mno: nchi maskini za Afrika ziliruhusiwa kutumia kitambaa kutoka POPOTE, hata China au India, mradi kushona kufanyike hapa.

Matokeo yake hayakuchelewa. Mwaka 2000 Kenya iliuzia Marekani nguo za kama dola milioni 44. Mwaka 2004 zikafika kama dola milioni 277. Karibu mara sita ndani ya miaka minne! Wafanyikazi wa nguo katika EPZ wakapita 30,000, na wengi wao, takriban robo tatu, ni wanawake. Wasichana waliomaliza shule bila karo ya chuo, akina mama wanaolea peke yao, wakajipanga getini alfajiri.

Kwa hivyo anayesema biashara huria imeleta kazi, mpe haki yake. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini sisi tumeuliza juu ya MSHAHARA, na kazi na mshahara ni vitu viwili. Kazi ziliongezeka mara nyingi. Mishahara haikuongezeka mara nyingi.

Kwa nini? Hebu tufuate suruali.

HESABU YA SURUALI MOJA

Suruali ya pamba ikiingia Marekani kwa njia ya kawaida inatozwa ushuru wa asilimia 16.6. Ya polyester inatozwa zaidi, karibu asilimia 28. Ndiyo maana AGOA ina thamani kubwa kwenye nguo kuliko kwenye vitu vingi.

Sasa tuseme, kwa mfano tu, kiwanda cha Athi River kinauza jinzi moja ya pamba kwa dola 7. Bila AGOA, mwagizaji wa Marekani angelipa serikali yake dola 1.16 za ushuru. Kwa AGOA halipi kitu. Basi hiyo dola 1.16 imeokolewa. Inaenda kwa nani?

Wengi tunadhani inakuja Afrika. Si ndivyo ilivyoandikwa kwenye magazeti, kwamba AGOA ni msaada kwa Afrika? Watafiti wawili wa uchumi, Marcelo Olarreaga na Çağlar Özden, walilichunguza jambo hilohilo kwenye miaka ya mwanzo ya AGOA na wakachapisha matokeo mwaka 2005. Waligundua kuwa bei waliyolipwa wauzaji wa Afrika ilipanda, lakini kwa kiasi cha kama THELUTHI MOJA tu ya ushuru uliosamehewa. Sehemu kubwa ilibaki ng'ambo kwa mnunuzi.

Turudi kwenye suruali yetu. Theluthi ya dola 1.16 ni senti 39 hivi, kama shilingi 50 ukihesabu dola kwa shilingi 130. Hizo 50 hazijafika kwa dada bado. Zimefika kwa mwenye kiwanda. Hapo zitakatwa umeme, uchukuzi hadi bandari ya Mombasa, mashine, faida yake... Na suruali moja haishonwi na mtu mmoja. Huyu anaweka zipu, yule mfuko, mwingine kiuno, mwingine anakata nyuzi, mwingine anapiga pasi. Kinachobaki kigawanye kwa watu hao wote uone unapata sarafu gani.

Mbona mnunuzi ndiye anayechukua sehemu kubwa? Kwa sababu wanunuzi wakubwa wa Marekani ni wachache na viwanda vya kushona viko kila kona ya dunia. Mnunuzi akija anasema, "Najua hulipi ushuru, kwa hivyo nipunguzie." Ukikataa, kuna Lesotho. Lesotho wakikataa, kuna Bangladesh.

KITABU KINASEMA HIVI, GETI LINASEMA VILE

Kuna nadharia maarufu ya mwaka 1941 ya Wolfgang Stolper na Paul Samuelson. Kwa lugha ya mtaani inasema hivi: nchi yenye wafanyikazi wengi na mtaji mdogo ikifungua biashara, itauza vitu vinavyohitaji mikono mingi. Mikono ikitafutwa sana, bei ya mikono itapanda. Yaani mshahara wa mfanyikazi wa kawaida utapanda.

Ni mantiki safi. Lakini nadharia ile inadhania kwamba kila mtu ana kazi tayari, kwa hivyo kiwanda kipya lazima kimvute mtu kwa kumlipa zaidi. Hapa kwetu ukweli uko getini. Mahali ambapo watu 200 wanasubiri nafasi 20, kiwanda hakihitaji kumvuta mtu. Kinafungua tu geti.

Na kuna sababu tatu nyingine zinazomgusa mwanamke moja kwa moja.

Ya kwanza: anawekwa ngazi ya chini. Katika viwanda vingi vya nguo duniani, mashine za kushona ni za wanawake. Mafundi wa mitambo, wakataji na masupavaiza mara nyingi ni wanaume. Kwa hivyo hata bila mtu kuandika "mwanamke alipwe kidogo", orodha ya mishahara inajiandika yenyewe. Na mashine za kisasa zikija, mafunzo wanapewa wanaume. Bangladesh wanawake walikuwa wengi mno mwanzoni, lakini sehemu yao imepungua kadiri viwanda vinavyotumia teknolojia zaidi.

Ya pili: anachaguliwa kwa sababu wanaamini hatasumbua. Utasikia "wanawake wana vidole vyepesi". Vidole gani! Wanachotaka ni mtu ambaye ana watoto nyumbani, kodi ya nyumba tarehe tano, na hawezi kugoma wiki mbili.

Ya tatu: kandarasi fupi. Oda za nguo zina msimu. Kiwanda kikipata oda kinachukua watu, oda ikiisha kinawaachilia. Mtu akirudi baada ya miezi miwili anaanza upya, kama hajawahi kushika cherehani. Uzoefu wake wa miaka haumpandishi ngazi.

MSHAHARA UNAVYOLIWA BILA KUPUNGUZWA

Jambo hili wengi hawalioni kwa sababu kwenye karatasi mshahara uko palepale.

Kila laini ina tageti. Tuseme vipande 80 kwa saa. Mnunuzi akikaza bei, kiwanda hakipunguzi mshahara, maana sheria ya kima cha chini inakataza. Kinapandisha tageti kuwa vipande 100. Sasa dada analipwa pesa ileile kwa kazi iliyoongezeka robo. Usipofikisha, unabaki mpaka ufikishe, na saa hizo mara nyingine hazihesabiwi kama ovataimu kwa sababu "umejichelewesha mwenyewe". Ukipiga hesabu kwa kila kipande, mshahara umeshuka.

Halafu kuna ramani. Kima cha chini cha mshahara Kenya hakiko sawa nchi nzima. Kuna ngazi ya miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, kuna ngazi ya zile zilizokuwa manispaa pamoja na miji kama Mavoko, Ruiru na Limuru, na kuna ngazi ya kwingineko. Athi River iko Mavoko. Kwa hivyo dada anayeshona pale, karibu kabisa na Nairobi, anayenunua unga kwa bei ileile ya Nairobi, kisheria yuko ngazi ya pili. Mwekezaji anajua. Wewe je, ulijua?

Na kima chenyewe hakipandi kila mwaka. Kilipanda asilimia 5 mwaka 2018, kikakaa kimya hadi Mei 2022 kilipopanda asilimia 12, kisha asilimia 6 kuanzia tarehe 1 Novemba 2024. Katika ile miaka minne ya kimya, kulikuwa na korona na bei ya unga ilipanda hadi mawinguni.

LAKINI TUULIZE: UKILINGANISHA NA NINI?

Hapa ndipo wale wa "EPZ ni utumwa" nao wanapaswa kusikiliza kidogo.

Msichana wa miaka 20 asiye na cheti cha chuo, bila EPZ angefanya nini? Wengi wangekuwa wasichana wa kazi majumbani, wanaolala jikoni, wanaolipwa akipenda mama mwenye nyumba. Au shambani kwa siku. Au nyumbani wakisubiri posa. Mshahara wa kiwandani, hata ukiwa mdogo, unakuja kwa jina lake na kwenye simu yake. Hilo si jambo dogo kwa mwanamke.

Bangladesh imechunguzwa sana. Naila Kabeer, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kiitwacho The Power to Choose, alieleza jinsi wanawake wa Dhaka walivyoitumia kazi ya kushona kupata sauti nyumbani, katika jamii ambayo mwanamke kutoka nje tu ilikuwa kesi. Na mwaka 2015 Rachel Heath na Mushfiq Mobarak walionyesha kuwa wasichana wanaoishi karibu na viwanda vya nguo walibaki shule muda mrefu zaidi na walichelewa kuolewa na kuzaa. Wazazi waliona kuwa hesabu na kusoma vina soko, wakawaacha binti zao wasome.

Lakini pia tusikimbilie kushangilia. Ethiopia, watafiti Christopher Blattman na Stefan Dercon waliwagawia watu nafasi za kazi viwandani kwa kura, wakawalinganisha na waliokosa. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa kazi ile haikuwalipa zaidi ya vibarua vingine, wengi waliacha ndani ya miezi michache, na walioajiriwa walipata matatizo zaidi ya afya. Kwa hivyo "kiwanda ni bora kuliko mtaani" si kweli kila mahali. Inategemea kiwanda na inategemea kuna nini mtaani.

NANI ALIPANDISHA MSHAHARA BANGLADESH?

Angalieni orodha hii ya kima cha chini kwa wafanyikazi wa nguo wa Bangladesh, kwa mwezi:

2006: taka 1,662
2010: taka 3,000
2013: taka 5,300
2018: taka 8,000
2023: taka 12,500

Ukiitazama haraka utasema, ahaa, biashara huria imepandisha mshahara! Ngoja kidogo. Soma tarehe tena. Mwaka 2006 na 2010 kulikuwa na maandamano makubwa ya wafanyikazi wa nguo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake, na dunia nzima ikatazama. Mwisho wa mwaka huo mshahara ukapanda. Mwaka 2023 wafanyikazi waliingia tena barabarani, na wengine waliuawa, kabla ya kile kima kipya.

Kwa maneno mengine, soko lilileta oda. Oda zikafanya kiwanda KIWEZE kulipa zaidi. Lakini mkono uliosukuma ile pesa kutoka mfukoni mwa mwenye mali hadi kwa mshonaji ulikuwa wa wafanyikazi wenyewe, pamoja na sheria waliyoilazimisha.

Hata hapa kwetu, Januari 2003, wiki chache tu baada ya Kibaki kuchukua serikali, maelfu ya wafanyikazi wa EPZ waligoma. Walidai mishahara, walidai kutotukanwa, walidai haki ya chama. Kabla ya hapo habari za EPZ zilikuwa ni za wawekezaji na dola tu. Baada ya hapo jina la mfanyikazi likaanza kutajwa.

NA MLANGO UKIFUNGWA?

Hili ndilo la kuogopesha zaidi, kwa sababu mlango wa kutoka hatuushiki sisi. Funguo ziko Washington.

Januari 2005 ule mfumo wa zamani wa kuwekea nchi za Asia mgao wa nguo za kuuza ulikwisha. Kabla ya hapo kampuni nyingi za Asia zilikuja Afrika kwa sababu mgao wa kwao ulikuwa umejaa. Mgao ulipoondolewa, China ikaachiwa, na viwanda kadhaa hapa Kenya vikafunga na maelfu wakapoteza kazi. Ndivyo ilivyo: tendo la kufungua biashara kwa wote lilimuumiza mshonaji wa Kenya, ilhali tendo la kumfungulia yeye pekee lilikuwa limempa kazi.

Madagascar iliondolewa AGOA kuanzia 2010 baada ya mapinduzi ya 2009, ikarudishwa 2014. Ethiopia iliondolewa tarehe 1 Januari 2022 kwa sababu ya vita vya Tigray. Pale Hawassa, ambapo mshahara wa kuanzia ulikuwa kama dola 26 kwa mwezi, wasichana ambao hawakuwahi kushika bunduki ndio waliorudishwa kijijini. Wakubwa walikosana, cherehani ikazimwa.

Na sisi Afrika Mashariki tulionjeshwa pia. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya zilikubaliana kupunguza mitumba ili viwanda vyetu vifufuke. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegea. Rwanda ikakataa, na Julai 2018 Marekani ikaisimamishia msamaha wa ushuru kwa nguo. Umeona? Ukifunga mlango wa kuingia, wanakufungia mlango wa kutoka. Milango ile miwili ina bawaba moja.

Kisha ikaja 2025. Mwezi Aprili Rais Trump alitangaza ushuru mpya wa asilimia 10 kwa bidhaa za Kenya, na Lesotho, nchi ndogo inayotegemea kushona jinzi, ikatangaziwa asilimia 50 kabla ya kupunguziwa hadi 15. Na tarehe 30 Septemba 2025 muda wa AGOA uliowekwa mwaka 2015 ukafika mwisho. Kuanzia hapo kila kiwanda kimejua kwamba miaka kumi ya uhakika haipo tena. Mwenye kiwanda asiye na uhakika hatoi kandarasi ndefu. Anatoa ya miezi mitatu. Na anayeibeba hofu hiyo tumboni ni dada anayejiuliza kama mwezi ujao atakuwa kazini.

SASA TUFANYE NINI?

Jibu langu kwa lile swali la mwanzo: biashara huria inaweza kuleta KAZI, lakini yenyewe haileti MSHAHARA mzuri. Mshahara unaletwa na vitu vitatu: sheria inayofuatwa, chama chenye nguvu, na uhaba wa watu getini, yaani kuwe na kazi nyingine za maana ili mwenye kiwanda alazimike kubembeleza. Palipo na vitatu hivyo, biashara inamfaidi mshonaji. Pasipokuwepo, inamfaidi mnunuzi.

Serikali zikienda Washington au Brussels kujadili mikataba, zinaulizia tani na dola. Zinapaswa kuulizwa pia: mfanyikazi atapata ngapi katika kila dola ya ushuru unaosamehewa?

Hayo ni ya wakubwa. Kwa wewe ambaye umekuja saiba kuchapisha barua ya kuomba kazi EPZ, au una dada anayejiandaa kwenda getini, shika haya. Yako katika sheria za kazi za Kenya, ikiwemo Sheria ya Ajira ya 2007:

1. Kandarasi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe ya MAANDISHI. Omba nakala yako.

2. Ukiitwa kibarua lakini umefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima au zaidi, sheria inakutambua kama mfanyikazi wa mwezi, si wa siku.

3. Una haki ya karatasi ya malipo inayoonyesha kila kilichokatwa. Itunze. Piga picha kwa simu. Karatasi hiyo itakusaidia ukiwa na kesi.

4. Ovataimu ya siku za kawaida ni mara moja na nusu. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Andika saa zako kwenye daftari lako mwenyewe kila siku.

5. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na unarudi kwenye kazi yako. Mimba si sababu ya kufukuzwa.

6. Kazi yenye thamani sawa ni mshahara sawa, mwanamke kwa mwanamume. Iko kwenye sheria, si hisani.

7. Kujiunga na chama ni haki. Wa nguo wana chama chao cha mafundi na wafanyikazi wa vitambaa. Na kama umedhulumiwa, usikae kimya miaka na miaka. Madai ya kandarasi yana muda wa miaka mitatu.

Kwa wasomaji wa Tanzania, kwenu sheria ya 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, ovataimu mara moja na nusu, na likizo ya uzazi siku 84, au siku 100 kwa mapacha.

Kwa leo niishie hapo. Kama wewe au mtu wenu amefanya kazi ya kushona kiwandani, iwe Athi River, Ruaraka, Mazeras au Dar, tuandikie hapo chini: tageti ilikuwa ngapi, na mwisho wa mwezi mkononi ulibaki na ngapi? Usitaje jina lako wala la kiwanda kama unahofia kibarua chako. Taja tarakimu tu, maana takwimu za dola milioni tunazo tele, na zinazokosekana ni za mfuko wa mshonaji.

Na ukivaa jinzi yako kesho, igeuze ndani kidogo utazame ule mshono wa mfukoni. Kuna mtu aliyelipwa kuupiga. Swali letu ni kama alilipwa inavyostahili.

Tuonane wiki ijayo, inshallah. Maoni yako wazi, matusi hapana.